Matone Matatu ya Alexander

Watu wa Buganguzi, wilayani Muleba, walijua kwamba Elieth, binti wa marehemu Ta Rwegasira, ni daktari, lakini si daktari wa kumpelekea mtoto mwenye homa. Kuna mzee aliwahi kujaribu. Alivua kiatu amwonyeshe kidonda, na Elieth akamhurumia sana, akamwuliza maswali mengi mazuri kuhusu jinsi alivyopokelewa zahanati, kisha akamshauri arudi zahanati.

Udaktari wake ulikuwa wa sayansi ya jamii. Alikuwa kwenye jopo la mataifa linalokutana Geneva, linaloandika sera za utafiti na maadili yake: mtu akitaka damu ya mwenzake, au mate, au nywele, amwombe vipi, aitunze wapi, na ampe nani. Walikuwa wameandika mwongozo mmoja kwa miaka tisa, ukafika kurasa mia moja na kumi na mbili. Mama yake, Joviana, alikuwa na nakala. Hakuisoma, maana ilikuwa ya Kiingereza, lakini aliiweka juu ya kabati karibu na kitabu cha sala na kuifuta vumbi kila Jumamosi.

"Kwa hiyo mwanao analipwa kuwafundisha Wazungu kubisha hodi," jirani yake Kokuberwa alimwambia siku moja wakimenya ndizi.

"Si Wazungu peke yao. Hata sisi."

"Sisi tunajua tangu zamani. Hata kuku wangu hawaingii kwako bila kukohoa."

Joviana akacheka, kwa kuwa kuku wa Kokuberwa walikuwa saa hiyo hiyo wanachakura kahawa yake aliyoianika uani.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Elieth alihojiwa kwenye redio moja ya Bukoba. Joviana alikaa kwenye mkeka akipukuchua maharage, redio pembeni, akisikiliza sauti ya mwanawe zaidi ya maneno yake. Elieth alikuwa anasema kwamba watu wengi hawajui kuwa damu iliyotolewa kwa utafiti haitupwi. Huwekwa kwenye majokofu, nyingine nje ya nchi, na inaweza kukaa miaka thelathini ikingoja maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Mikono ya Joviana ikasimama juu ya maharage. Ilikuwa imepita miaka ishirini.

Miaka ishirini nyuma alikuwa na kitinda mimba, Alexander, wa miaka sita. Mwaka huo watafiti wa malaria walikuja wakapiga kambi kwenye zahanati, na mtoto akiwa na homa alipimwa na kupewa dawa, na mzazi akikubali, alichukuliwa matone ya damu ya utafiti. Alexander alipoona sindano alijificha ndani ya kanga ya mama yake. Nesi, msichana aliyetoka Mwanza, hakumlazimisha. Alijichoma kidole chake mwenyewe kwanza, akamwonyesha damu yake, akamwambia, "Umeona? Hata mimi."

Joviana hakumsahau nesi yule. Kwao mgeni akifika hupewa kahawa ya kutafuna, akamwani, kwenye kikapu kidogo, na mwenye nyumba ndiye hutangulia kutia punje mdomoni, ili mgeni aone haina ubaya. Yule msichana hakuwa Mhaya wala hakuna aliyemfundisha, lakini alifanya vilevile. Mtoto akatoa kidole. Matone matatu yakadondoshwa kwenye kikaratasi kigumu chenye viduara vitatu, yakaachwa yakauke.

Dawa walizompa zilikuwa dawa nzuri, lakini homa ilimshinda, na siku ya nne walimzika kwenye kibanja, kati ya migomba, karibu na babu yake. Hakuna mtu aliyekuwa na kosa. Joviana alikuwa amekwisha kulikubali hilo. Lakini sasa redio ilimwambia kwamba si Alexander wote aliyezikwa. Kidogo chake kilikuwa hai bado, au kilikuwa kimefungiwa kwenye baridi ya watu, bila ndugu, kikingoja maswali.

Alimpigia Elieth jioni ile. Alimwambia hataki fidia wala maelezo. Anataka yale matone yarudi, yawekwe pale alipo mwenyewe.

Elieth akasema hilo ni swali muhimu sana. Joviana akajua kuna shida. Alikuwa amemsikia mwanawe akiwajibu hivyo watu wengi redioni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepewa kitu.

Hata hivyo Elieth aliandika. Jibu kutoka taasisi iliyotunza damu ile, katika nchi za baridi, lilikuja baada ya wiki tatu, na alimtafsiria mama yake kwenye simu. Ilikuwa barua ya adabu kiasi kwamba Joviana alisema aliyeiandika amelelewa vizuri. Walimpa pole kwa msiba wake. Walimshukuru kwa mchango wake. Kisha wakaeleza kwa masikitiko kwamba kwa mujibu wa Mwongozo, kifungu cha arobaini na saba, sampuli haiwezi kukabidhiwa familia. Mzazi anaweza kuondoa ridhaa yake, na hapo sampuli itateketezwa kwa moto kwa heshima zote. Kwa lolote kati ya hayo, waliomba nakala ya fomu ya ridhaa, maana ya kwao haikuonekana.

"Kifungu hicho kiliandikwa na nani?" Joviana aliuliza.

Elieth alirudia kwanza namba ya kifungu, arobaini na saba.

"Nilikuwa kwenye kamati ndogo," Elieth alisema.

"Basi unaweza kuwaomba wakubadilishie."

Elieth alieleza kwamba kifungu hubadilishwa na kikao kikuu, na kikao kikuu hukaa kila baada ya miaka mitatu, na cha mwisho kilikuwa mwezi wa pili. Isitoshe, alisema, bila fomu hawawezi hata kuanza, na fomu za zamani zile, nani angekuwa nazo.

"Mimi ninayo," alisema Joviana.

Alikuwa nayo kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na kadi ya ubatizo ya Alexander na kadi yake ya kliniki. Angeweza kumpa mtu aende nayo, lakini Elieth alikuwa na warsha ya siku mbili ya kuendesha Bukoba mwezi wa saba, na Joviana akaona kuna karatasi ambazo mtu huzipeleka mwenyewe. Akaivaa kanga yake nzuri, akafunga punje za akamwani kwenye jani la mgomba, akapanda gari la asubuhi.

Warsha ilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa. Mlangoni kulikuwa na dada wa mjini, Nuriat, akiandikisha wageni. Alimwuliza Joviana anawakilisha taasisi gani. Joviana akasema amekuja kumwona mwanawe. Nuriat akatazama orodha yake, akatazama vumbi la miguu ya mama, akaandika "Jamii, Muleba", akampa beji na chai ya maziwa, kisha akamchagulia kiti mbali na feni kwa sababu alimwona akijikunyata. Joviana aliliweka hilo moyoni.

Mbele, Elieth alikuwa anazungumza, amependeza, ukutani nyuma yake kuna maandishi makubwa: RIDHAA NI MAZUNGUMZO, SI ALAMA YA VEMA KWENYE KIBOKSI. Watu wa mashirika, wa vyuo na wa halmashauri waliandika maneno hayo kwenye madaftari yao. Alisema mtu hajakubali kitu mpaka amekielewa, na hajakielewa mpaka amepewa nafasi ya kukikataa. Joviana hakuwahi kumsikia akifundisha. Alifurahi kuona kwamba mwanawe anaamini anachokisema, maana si kila mwenye kipaza sauti huamini.

Saa ya chakula walikaa wawili kwenye benchi la nje. Joviana akafungua jani, akatafuna punje moja, akampa mwanawe nyingine. Kisha akatoa fomu.

Ilikuwa imekunjwa mara nne na ilikuwa na rangi ya chai. Ilikuwa na maswali manne. Unakubali mtoto atolewe damu leo? Unakubali damu itunzwe? Unakubali itumike kwa tafiti zijazo? Unakubali igawiwe kwa watafiti wengine? Mbele ya kila swali, kwenye kiboksi cha Ndiyo, kulikuwa na alama ya vema, zote nne za mkono mmoja, za haraka, kila moja na mkia uliopinda kama ndoana. Chini kulikuwa na sahihi ya Joviana. Chini yake tena: Mkalimani, Elieth Rwegasira.

Elieth alikuwa amemaliza kidato cha sita mwaka ule, akisubiri chuo, na watafiti walikuwa wanatafuta vijana wa kutafsiri fomu kwa Kihaya. Ilikuwa ajira yake ya kwanza. Alikuwa amekumbuka mengi kuhusu siku ile, homa, foleni, jua. Hili alikuwa amelisahau kabisa. Sasa lilirudi lote kwa mpigo, pamoja na maneno aliyomwambia mama yake, akimwita Mawe, yaani mama kwa Kihaya, huku akimshikisha kalamu: Mawe, weka sahihi tu hapa, yote ni yale yale.

Punje ilikuwa bado mdomoni mwake, hakuitafuna.

"Mawe, ulijua?"

"Si jina lako hilo? Na hizo ndoana nazijua tangu uko darasa la pili."

"Miaka ishirini. Umenisikia redioni, umenisikia leo. Hukusema."

"Niseme ili iweje? Ulimbeba mgongoni kutoka nyumbani hadi zahanati. Ulikuwa umechoka kuliko mimi." Joviana akaikunjua kona ya fomu iliyojikunja. "Wao wametaka karatasi, nimeleta karatasi. Sikuleta kesi."

Mchana ule kipindi kilikuwa cha mifano kutoka uwandani. Elieth alisimama, akasema ana mfano ambao haumo kwenye makabrasha. Akaeleza kuhusu msaidizi mmoja wa utafiti, wilayani Muleba, aliyemjazia mama mmoja viboksi vinne bila kumsomea hata kimoja, mama akiwa na mtoto mahututi mikononi. Ukumbi ulisikitika. Watu walitikisa vichwa. Bwana mmoja mwenye tai alisema ni watu wa namna hiyo wanaochafua taaluma, akauliza kama msaidizi huyo alichukuliwa hatua.

"Mpaka sasa," alisema Elieth, "amepandishwa cheo mara nne. Ni mimi."

Hakuna aliyejua acheke au aandike. Bwana mwenye tai alianza kuitafuta kalamu yake sakafuni, na aliendelea kuitafuta kwa muda mrefu ingawa ilikuwa mezani. Joviana akaona uchungu kwa ajili ya wote wawili, akanyoosha mkono, na Nuriat akamletea kipaza sauti.

Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba yeye ndiye mama huyo. Alisema kweli hakusomewa. Lakini msichana yule alimbeba mdogo wake mwendo wa saa nzima, na alipofika hakukaa chini, alianza kuwatafsiria watu wengine. "Kama mnaandika," alisema, "mwandike na hilo."

Katibu wa warsha akauliza hilo liingie chini ya kichwa gani. Wakajadiliana, likaingia chini ya Mengineyo.

Jioni, nyumbani kwa Elieth pale Kahororo, Bukoba, Joviana alikuwa anapanga nguo zake za kurudi nazo. Elieth alikaa mezani na fomu mbele yake. Hakuwa amekula. Mama yake alidhani anaendelea kujilaumu, na alikuwa anatafuta neno la kumwambia, ndipo alipomwona anasoma mstari mmoja tu, ule wa nne, tena na tena, kidole juu yake.

"Igawiwe kwa watafiti wengine," Elieth alisema. "Ndiyo. Nilikuwekea ndiyo."

"Ulifanya haraka."

"Mawe, mimi ni mtafiti mwingine."

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kushangaa mwenyewe. Mama akitaka damu ya mwanawe, kuna kifungu cha arobaini na saba. Mtafiti akiitaka damu hiyo hiyo, kuna fomu ya kurasa mbili na nafasi ya kueleza lengo. Aliandika usiku na kesho yake. Aliupa utafiti jina refu: Namna Familia Inavyopokea Sampuli Iliyorejeshwa, Uchunguzi wa Awali Wilayani Muleba. Idadi ya washiriki: mmoja. Hakuficha chochote. Mahali pa mbinu aliandika waziwazi kwamba sampuli itawekwa ardhini, kwenye kibanja cha familia, na mtafiti ataangalia na kusikiliza.

Vibali vya nchini na vya kule vilichukua wiki saba. Wakaguzi hawakuuliza kwa nini damu izikwe. Waliuliza kina cha shimo, na kama kuna hatari kwa chanzo cha maji. Elieth aliandika sentimita sitini, na kwamba chanzo kiko mbali. Yule mtu mwenye adabu wa taasisi, yule yule aliyempa Joviana pole, alijibu ndani ya siku nne. Alisema wamefurahi sana kuona sampuli za zamani zikipata matumizi.

"Amelelewa vizuri," Joviana alisema tena, ila safari hii alitabasamu kidogo.

Kilibaki kitu kimoja. Utafiti wenye mshiriki unahitaji ridhaa ya mshiriki. Mwezi wa kumi Elieth alifika Buganguzi na fomu mpya, akapiga goti kumsalimu mama yake, wakatafuna kahawa, kisha akaanza kusoma, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili na tena kwa Kihaya. Kulikuwa na maswali tisa. Lilipofika la tatu ndizi zilikuwa zimeanza kuungulia jikoni na Joviana akaenda kuzitoa. Lilipofika la tano Kokuberwa alipita, akauliza kama ni mashtaka.

"Si yote ni yale yale?" Joviana aliuliza, akimtazama mwanawe.

Elieth akaiweka karatasi magotini.

"Hapana, Mawe. Kila mstari una lake."

"Basi soma."

Akasoma. Unaelewa kwamba unaweza kujitoa wakati wowote? Joviana akasema ajitoe aende wapi, huyu ni mwanawe, lakini akaweka vema. Unakubali maneno yako yaandikwe? Akaweka vema. Unakubali upigwe picha wakati wa tukio? Akafikiri, akaweka Hapana. Elieth akasema taratibu kwamba yuko huru, ila picha moja ingesaidia sana kuwaelewesha watu wa Geneva.

"Ndiyo maana nimekataa," alisema Joviana. Akaweka sahihi yake, polepole, herufi zote.

Bahasha ilikuja kwa basi kutoka uwanja wa ndege wa Bukoba hadi Muleba, na Elieth akaenda kuichukua mwenyewe. Ndani ya mfuko wa plastiki mlikuwa na kikaratasi kigumu na matone matatu, yamekuwa ya kahawia kama ganda la kahawa iliyokauka. Hapakuwa na jina juu yake, bali herufi na namba: MLB 0317.

"Walikuwa wanamwita hivi?"

"Ni kulinda siri yake, Mawe. Asijulikane na watu."

"Na mimi nisimjue?" Akaomba kalamu ya risasi, akaandika pembeni ya namba: Alexander.

Katekista, Ta Datius, alikuja na kitabu chake. Alikipekua mbele na nyuma, hakuona sala ya matone ya damu. Hatimaye akasema, kwa kuwa mtoto alikwishazikwa kwa haki zote, haya si maziko, ni mtu wao aliyekawia safarini na sasa amefika. Akasali sala ya kumshukuru Mungu kwa waliorudi salama. Joviana aliona ni kazi nzuri kwa mtu asiyekuwa na ukurasa wa kusomea. Kokuberwa alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, na alipofika kwenye ua, ambao aliuingia kila siku kama wake, alisimama, akakohoa mara mbili, akasubiri akaribishwe.

Elieth alichimba sentimita sitini. Alikuwa amekuja na rula. Lakini alipomaliza hakuandika chochote, alikaa tu kwenye majani makavu ya migomba ubavuni kwa mama yake, na mama yake akamwekea punje ya kahawa kiganjani.

Siku mbili baadaye Elieth alikuwa anajaza taarifa ya mwisho kwa taasisi. Ilikuwa na maswali matatu, na alimsomea mama yake kila jibu kabla ya kuliandika. Kiasi cha sampuli kilichotumika: yote. Kiasi kilichobaki: hakuna.

"La tatu?"

"Wanauliza kama tunahitaji sampuli nyingine."

Joviana aliacha kupukuchua maharage. Namba ya Alexander ilikuwa mia tatu na kumi na saba. Alikuwa mtu wa kawaida katika hesabu, lakini haikuhitaji msomi kujua kwamba watoto wengine zaidi ya mia tatu walimtangulia. Foleni ya siku ile ilikuwa imepita mlango wa zahanati ikafika barabarani. Mbele yake alikuwa mama Kyaruzi wa kule bondeni, na pacha wake wawili, ambao hakuna hata mmoja aliyeishi akakua.

"Niandike ndiyo?" Elieth aliuliza, kalamu tayari juu ya kiboksi.

"Usiandike kitu. Nenda kwanza kwa mama Kyaruzi, ubishe hodi."

Elieth akaitazama kalamu, akaifunga kifuniko. Alikuwa amekwisha fika kwenye migomba ya mwisho mama yake alipomwita arudi, kwa sababu alikuwa ameondoka bila kahawa ya kutangulia kutafuna.